Rosa Mistika isomwe nyumbani, na baba awepo

Mzazi anayenitafuta kuhusu riwaya ya Rosa Mistika mara nyingi amekikuta kitabu chini ya mto wa binti yake. Amekifungua katikati, na macho yake yameangukia mojawapo ya zile kurasa zilizofanya kitabu kipigwe marufuku mashuleni zamani. Ananiuliza mambo mawili: hiki ni kitabu gani, na je, amnyang'anye? Mimi humjibu asimnyang'anye. Akisome kwanza yeye mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, halafu akae na binti yake wakizungumze. Na kama nyumbani kuna baba, baba naye akisome, maana kitabu kile kinamhusu yeye sawasawa na kinavyomhusu binti.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Riwaya hii nimeisoma na vijana kwa miaka mingi, darasani, na pia nyumbani kwangu Jumamosi mchana, pamoja na wanangu, wapwa zangu na watoto wa majirani. Haya ninayoandika nimeyaona yakifanya kazi.

Kwanza tukijue kitabu chenyewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ndiyo riwaya yake ya kwanza, na ilitoka mwaka 1971, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakwenda mbali kutafuta kisa. Alikiweka palepale Namagondo, katika familia ya Kikatoliki, na msichana wake akampa jina ambalo waumini humwitia Bikira Maria kwenye litania. Baadaye aliandika riwaya na mashairi mengine mengi, akafundisha Botswana hadi uzee wake, na alifariki Januari 2020. Lakini ukitaja jina lake mbele ya Mtanzania aliyepita sekondari, cha kwanza atakachokikumbuka ni Rosa.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Zakaria alipata kuwa mwalimu, sasa ni mlevi, na mzigo wa nyumba umebaki mabegani mwa mkewe. Siku moja anagundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana anayeitwa Charles. Hamuulizi kitu. Anampiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Kisha Rosa anakwenda sekondari ya bweni ya wasichana huko Mwanza, shule ya masista, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Huko, mbali na macho ya baba, maisha yake yanakwenda mrama: wanaume watu wazima wenye kazi na vyeo, mmoja wao mkuu wa chuo chenyewe, ujauzito, kutoa mimba, sifa mbaya. Baadaye anajirudi na kutaka kuanza upya. Charles anarudi, wanachumbiana, na anapogundua kuwa Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Kezilahabi hakuishia hapo. Kesi ameipeleka mbele ya Mungu, baba na binti wakikabiliana, na swali likiwa nani alaumiwe.

Hicho ndicho kitabu kilichozuiwa mashuleni kwa sababu ya uwazi wake juu ya mapenzi, kabla hakijaruhusiwa na kuanza kufundishwa. Nimezungumza na akina mama waliokisoma enzi zile kwa siri, chini ya blanketi, kwa mwanga wa tochi, kikipita kitanda hadi kitanda. Wengi wao wanazikumbuka kurasa za mapenzi. Ukiwauliza barua ya Charles ilileta nini, wanasita. Ukiwauliza Zakaria alijitetea vipi mbele ya Mungu, hawana jibu. Kitabu kinachosomwa kwa kujificha husomwa hivyo. Msichana anakimbilia pale penye moto, anafunga, anampa mwenzake kabla matroni hajapita. Dhamira nzima ya mwandishi inabaki kwenye kurasa ambazo hakuzifikia.

Ndiyo maana sina imani kubwa na marufuku. Februari 2023 serikali yetu iliondoa mashuleni na kwenye maktaba vitabu 16 vya watoto, kwa hoja ya kulinda maadili ya Kitanzania. Mzazi ana haki ya kujali mwanawe anasoma nini, na mimi ni mzazi. Ila kitabu kikishaondolewa rafuni, maswali ya mtoto hayaondoki nacho, na wa kuyajibu anabaki kuwa wewe, au yule atakayekuwahi.

Kuhusu umri, huwa sikianzishi kabla ya kidato cha tatu. Kabla ya hapo wengi wanacheka mahali ambapo hapachekeshi, kwa aibu. Lakini kama binti wa kidato cha pili ameshakisoma, ameshakisoma. Kaa naye hivyohivyo.

Sasa tuanze panapostahili, kwenye barua.

Vijana wakimaliza sehemu ya kipigo, swali langu la kwanza ni hili: Rosa amejifunza nini leo? Nawaacha wafikiri. Jibu linalokuja karibu kila mara, tena haraka, ni kwamba amejifunza kuficha barua vizuri zaidi. Wengine wanasema amejifunza kwamba mvulana ni hatari hata akiandika salamu tu. Wengine, kwamba baba hatakiwi kujua chochote kamwe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba Rosa amejifunza kupima kama Charles ni mtu mwema au mbaya. Kipigo kile hakikumfundisha kupima. Kilimfundisha kuogopa, na woga una makazi yake: unakaa pale alipo mwenye fimbo. Kutoka Ukerewe kwenda Mwanza mjini ni kuvuka ziwa. Rosa alipovuka, fimbo ilibaki ng'ambo, na ndani yake hakukuwa na kitu kingine cha kumshika mkono.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wakae muda mrefu, kuliko kurasa zote za mapenzi. Tunasema tunalea watoto wenye dhamiri, na kumbe wengi wetu tunalea watoto wenye macho makali ya kutuvizia tupo au hatupo. Dhamiri ni ile inayobaki na mtoto saa nne usiku Morogoro, mkuu wa chuo anapogonga mlango, na baba yuko kilometa mia kadhaa. Inatengenezwa kwa mazungumzo mengi ya kawaida yanayochosha, ya kuulizwa "wewe ulionaje?" na "kwa nini?", tangu mtoto akiwa mdogo. Zakaria hakuwahi kumuuliza Rosa swali hata moja la namna hiyo. Na nani kati yetu anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba yeye huuliza?

Akina baba wananijibu kwa methali. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Naziheshimu methali hizi, nimezifundisha. Lakini zinazungumzia kukunja, kumzoeza mtoto njia fulani kwa subira akiwa bado anakunjika. Zakaria alikuwa baani miaka yote Rosa alipokuwa mbichi, akaja na fimbo siku ya barua. Mimi huwaambia wanijibu hili: kama wewe hukuwepo kwenye mambo mia madogo, kwa nini binti akuamini kwenye jambo moja kubwa?

Kuna baba mmoja, fundi wa mtaani kwetu, aliyekubali kusoma sehemu ya mwanzo na binti yake wa kidato cha tatu, nikiwapo. Alisoma kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye kipigo sauti ilimpungua. Alipomaliza alimgeukia binti. "Hiyo barua ungeipata wewe, ungeniletea?" Binti alisema, "Hapana, baba." Baba hakukasirika. Alikaa kidogo, akauliza tena, "Ungempelekea nani?" Binti akasema, "Shangazi." Wiki ile yule baba alikwenda kwa dada yake, wakazungumza, na yule dada akakubali kwamba mtoto akija na jambo lolote, saa yoyote, atasikilizwa kwanza kabla hajasemwa.

Tangu siku ile nimelichukua swali lake na kuliweka mbele ya kila mzazi. Mtoto wako akipata barua, anaipeleka kwa nani? Si lazima iwe kwako. Inaweza kuwa kwa shangazi, mama mdogo, bibi, mama wa ubatizo, ustadhi, mwalimu. Lakini lazima awepo mtu mwenye jina, na mtu huyo awe anajua kwamba ndiye. Mila zetu zilikuwa na nafasi hii, shangazi na bibi walikuwa na kazi yao ya kumfunda binti, na sisi tuliohamia mijini tumewaacha kijijini bila kuweka mwingine mahali pao.

Na tusidanganyike kwamba barua zimekwisha. Zimehamia kwenye simu. Siku hizi Charles anatuma ujumbe usiku wa manane, anaomba picha, anatuma hela ya bando. Anampa lifti ya bodaboda kila asubuhi, bure, mpaka siku anapodai malipo. Au ni mtu mzima mwenye gari anayemnunulia chipsi. Nikiwaomba wasichana waandike barua ya Charles kwa lugha ya leo, bila majina yao, ninachokipata kwenye vile vikaratasi kingemkosesha mzazi usingizi. Fanya zoezi hili kama una kikundi. Usikusanye karatasi ili umjue mwandishi. Zisomwe, zichanwe, kisha ongea juu ya kilichosemwa.

Kurasa za mapenzi sasa. Usizichane, na usizibandike gundi kama nilivyokuta kwenye nakala moja ya maktaba. Ukurasa uliochanwa mtoto atautafuta kwa udi na uvumba. Mimi sizisomi kwa sauti mbele ya wavulana na wasichana pamoja. Kila mtu anazisoma kimya kwake, na tukikutana swali langu haliwi walifanya nini. Nawaambia waorodheshe wanaume wote waliomfikia Rosa, na mbele ya kila jina waandike mtu huyo alikuwa na kazi gani, alikuwa na umri gani ukimlinganisha na Rosa, na alikuwa na uwezo gani wa kumdhuru au kumsaidia. Orodha ikikamilika ubaoni, darasa hutulia. Kijana aliyekuja akiamini kwamba hiki ni kitabu cha msichana mhuni anaona kwa macho yake kwamba ni kitabu cha watu wazima waliokuwa na madaraka juu ya mtoto wa shule.

Kisha nawapa sheria, maana kijana anahitaji kujua amesimama wapi. Mwaka uleule Rosa Mistika ilipotoka, 1971, ndipo nchi yetu ilipotunga Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alisubiri hadi 18. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida baada ya kujifungua. Wasichana wengi ninaowafundisha hawakuwa wakijua hili la mwisho. Walikuwa wanaamini mimba ndiyo mwisho wa kila kitu, kama Rosa alivyoamini, na imani hiyo ndiyo inayowapeleka wasichana vichochoroni kwa watu wenye vyuma na mitishamba. Mwambie binti yako waziwazi, kabla halijatokea lolote, kwamba akipatwa na hilo aje nyumbani. Mwambie kwa maneno hayohayo. Usitegemee kwamba anajua.

Wavulana nao. Nasikitika nikisikia kitabu hiki kimegawiwa kwa wasichana peke yao kama dawa. Mvulana akikosa kusoma sehemu ya Charles, tumepoteza nusu ya kitabu.

Charles ndiye aliyeandika barua. Kwa barua yake Rosa alipigwa. Miaka inapita, anarudi akiwa kijana mwenye elimu, na anamkuta Rosa ambaye amejirudi, anafanya kazi, anataka kuolewa na kutulia. Na kipimo anachompimia ni kimoja tu. Wavulana wangu huanza kwa kumtetea. Wanasema mwanaume ana haki ya kujua anayemuoa. Sibishani nao. Nauliza, je, Charles mwenyewe alipimwa na nani? Kitabu kinatueleza nini juu ya miaka yake yote ya kutokuwepo? Hapo mjadala unakuwa mkali, na nauacha uwe mkali. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha nne alisimama akasema kwamba Charles hakumtaka Rosa, alimtaka yule msichana aliyempelekea barua, na yule msichana baba yake alishammaliza siku ya kipigo. Sijasoma uhakiki wowote uliolisema jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

Na kwangu mimi hapo ndipo kidonda cha riwaya kilipo. Rosa hafi akiwa kwenye maovu. Anakufa baada ya kuyaacha. Alitubu, akabadilika, na jamii iliyokuwa ikimhubiria toba haikuwa imeandaa mahali pa kumpokea aliyetubu. Waumini wenzangu wanaoogopa kitabu hiki wangejiuliza hilo. Tunamhubiria kijana msamaha kila Jumapili. Akija kuuomba, anaupata kwa nani?

Mwisho wa Rosa unahitaji tahadhari, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Usikubali kijana akimalize kitabu peke yake usiku. Mimi hupanga sura za mwisho zisomwe asubuhi au mchana, tukiwa pamoja, na baada yake watoto hawaondoki moja kwa moja. Tunakula, tunaongea mambo mengine, naangalia nani amenyamaza kupita kawaida. Kifo cha Rosa sikifanyi kionekane kizuri wala cha kishujaa. Nawauliza: saa ile, kama kungekuwa na mtu mmoja wa kumgongea mlango, angekuwa nani, na angesema nini? Kama kuna kijana unayemshuku, muulize waziwazi, faraghani, kama amewahi kufikiria kujiua. Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtoto wazo. Sivyo. Kuuliza kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake na usimgombeze. Tafuta msaada wa daktari au mshauri siku hiyohiyo. Ipo pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ya bure, Tanzania na Kenya. Mimi huiandika ubaoni siku tunayoanza kitabu, na inakaa hapo mpaka tunamaliza.

Jiandae pia kwa jambo hili: kitabu hiki huwafanya watoto waseme. Utakuwa unazungumzia habari za Rosa, na binti atabaki nyuma wenzake wakitoka, ataanza na "kuna rafiki yangu mmoja." Msikilize huyo rafiki yake mpaka mwisho. Usitamke "wewe" kabla yeye hajasema "mimi." Na usimuahidi siri usiyoweza kuitunza. Kama ni mtu mzima anamdhuru, mwambie kwa upole kwamba itabidi tumshirikishe mtu wa kusaidia, na mchague pamoja ni nani.

Kesi ya mbele ya Mungu ni sehemu ambayo vijana wanaipenda kuliko zote, na mimi pia. Waigize. Mmoja awe Rosa, mwingine Zakaria, wengine wazee wa baraza. Ila ongeza washtakiwa ambao mwandishi hakuwasimamisha pale: Charles, mkuu wa chuo, shule yenyewe, majirani waliosikia mayowe siku ya kipigo wakaendelea na shughuli zao. Utashangaa kuona kwamba wasichana ndio wanaomhukumu Rosa kwa ukali zaidi. Wanasema alikuwa na akili zake, alijua, aliweza kukataa. Wasizibwe midomo, kwa sababu wanagusa jambo la kweli. Tukisema Rosa hana kosa lolote, tumemfanya kitu kinachosukumwa tu, na mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ni kitu cha kusukumwa hatajikaza siku ya kujikaza. Tukisema kosa lote ni lake, tumemvua Zakaria lawama yake. Wacha wazunguke humo. Mimi sitoi hukumu mwishoni, hata wakinibembeleza. Wakitoka nje huwa bado wanabishana getini, na huwa najua kazi imefanyika.

Swali jingine linalofaa hapo, kama muda upo: Rosa ni nani wakati hakuna anayemwangalia? Kwa baba ni binti wa kuchungwa, kwa masista ni mwanafunzi, kwa wanaume wale ni starehe, kwa Charles ni bikira au si bikira. Waombe vijana watafute ukurasa ambapo Rosa anaamua jambo kwa sababu yeye mwenyewe ameona ni jema. Watafute kwa uaminifu, kitabu mkononi. Zoezi hili huchukua muda, na watakachokileta kitakupa mengi ya kuzungumza nao.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tuache kuwapa wanafunzi zile nukuu za mtihani kabla hawajasoma. Sote tunazijua: malezi mabaya, ulevi, na mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mwanafunzi anakariri, anapata maksi, na hajawahi kumhurumia Rosa hata dakika moja. Wapeni kitabu kwanza. Nukuu zitakuja zenyewe, kwa maneno yao.

Nina lawama moja kwa Kezilahabi, na huwa naisema mbele ya wanafunzi, kwa heshima zote ninazompa. Ameiacha hadithi bila njia ya kurudi. Msichana aliyeteleza anafunga kitabu akiwa ameonyeshwa mlango mmoja tu, kaburi. Najua alikuwa anaishtaki jamii, na shtaka lake ni la haki. Lakini msomaji wa miaka 17 mwenye jambo moyoni anahitaji zaidi ya shtaka.

Kwa hiyo tukimaliza Rosa Mistika huwa siwaruhusu vijana wakae nayo peke yake. Wiki inayofuata tunaanza Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Humo yumo Maimuna, binti mwingine wa baba mkali, Maksuudi, aliyefungiwa ndani mpaka alipotoroka, na ulimwengu ukamfanyia ulichomfanyia Rosa, pengine zaidi. Lakini Maimuna hafi. Anarudi. Someni vitabu hivi viwili kwa kufuatana, kimoja baada ya kingine, na baba aliyesoma cha kwanza asiachwe asisome cha pili.